Ndege za Umma Si Siri ya Wakubwa

Kuna maneno mawili yanayosemwa juu ya ndege katika nchi hii, na yote mawili ni ya hatari. La kwanza husemwa na watu waliosoma, wenye kalamu na majukwaa: kwamba ndege ni anasa, kwamba nchi ya wakulima haina haja ya shirika la ndege, na kwamba kila shilingi iendayo kwenye bawa imeporwa kutoka kwenye dawati la mtoto wa shule. La pili halisemwi kwa sauti, bali hutendwa na baadhi ya watumishi waliokabidhiwa ofisi: kwamba ndege ni mambo ya wakubwa, kwamba mwananchi hana haki ya kuuliza, na kwamba mtu anayesimama kwenye uzio wa kiwanja akiwa na daftari na kalamu ni wa kutiliwa shaka. Wenye neno la kwanza na wenye neno la pili hudhani wanapingana. Kumbe wanasaidiana. Hawa wa pili wanaficha, na wale wa kwanza wanaokota kilichofichwa kikishaoza, wanatuonyesha na kusema: "Si tuliwaambia?"

Makala haya yanakusudia kuwajibu wote wawili kwa niaba ya kundi la wananchi lisilo na ofisi wala mhuri, yaani wapenzi wa ndege. Wako wengi kuliko inavyodhaniwa. Wapo vijana wa Kipawa na Ukonga ambao hawana haja ya kuinua macho ili kujua kinachopita juu ya bati; mlio wa Dash 8-Q400 wanautofautisha na wa ndege nyingine kama mfugaji anavyotambua kengele ya ng'ombe wake. Yupo karani wa masjala atakayekuambia, bila kufungua faili lolote, kwamba 5H-TCG ndiyo Boeing 787-8 ya kwanza kuletwa nchini, Julai 2018, na kwamba shirika letu ndilo lililotangulia katika bara hili zima kupokea Airbus A220-300, Desemba ya mwaka huo huo. Hakuna aliyewatuma watu hawa wala kuwalipa. Mwananchi akipenda mpira huitwa mwanamichezo. Hawa wamependa mali yao wenyewe nao huitwa wapelelezi.

Tuanze na wenye neno la kwanza. Hoja yao si ya kubezwa, na anayeibeza hajaisikiliza. Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali alieleza katika taarifa zake kwamba Kampuni ya Ndege Tanzania ilipata hasara ya shilingi bilioni 56.64 katika mwaka wa fedha 2022/23, na kwamba mwaka uliofuata, 2023/24, hasara ilipanda hadi bilioni 91.8. Hizo si senti za kuokota njiani. Mwalimu mwenye wanafunzi mia moja katika chumba kimoja ana haki kamili ya kuuliza fedha hizo zimekwenda wapi, na mwandishi atakayemwambia anyamaze kwa jina la uzalendo hamheshimu mwalimu wala uzalendo.

Lakini tazameni jinsi wakosoaji hawa wanavyoruka kutoka kwenye hasara hadi kwenye hukumu. Kwa kuwa shirika limepata hasara, wanasema, sababu ni kwamba ni la umma. Na kwa kuwa ni la umma, dawa yake ni kuliuza au kulizika. Hapo hoja inageuka kuwa kasumba. Mabwana hawa wanapokwenda kwenye semina zao za ng'ambo hupanda Emirates, wakarudi wakitusimulia ulaini wa blanketi na ung'aavu wa glasi. Emirates ni ya nani? Ni mali ya Serikali ya Dubai, iliyoianzisha mwaka 1985 kwa ndege za kukodi kutoka Pakistan. Wakikosa nafasi humo hupanda Qatar Airways, ambayo ni ya Serikali ya Qatar, au Ethiopian, ambayo ni ya Serikali ya Ethiopia kwa asilimia mia moja. Yaani mtu anakula sahani tatu za pilau ya serikali, anajipangusa mdomo, kisha anatutangazia kwamba serikali haijui kupika!

Na dawa wanayotuandikia tumekwisha kuinywa. Mwaka 2002 tuliambiwa kwamba wakati wa mashirika ya umma umepita, tukauza asilimia 49 ya hisa za shirika letu kwa South African Airways kwa dola milioni 20. Wachache waliuliza wakati ule huyo mnunuzi ni wa nani. Alikuwa wa Serikali ya Afrika Kusini. Tuliambiwa kwamba serikali haiwezi kuendesha ndege, na tiba ikawa kuliuza shirika kwa serikali nyingine. Wenzetu hawakuja kutulea. Walikuja kufanya kazi yao, ambayo ni kujaza viti vya ndege ziendazo Johannesburg, na hilo hatuwezi kuwalaumu nalo. Wa kulaumiwa ni aliyedhani kwamba mto mkubwa huomba kijito kiingie ndani yake ili kijito kinenepe. Mwaka 2006 tulilirudisha shirika mikononi mwetu likiwa limekonda, na Desemba 2008 likanyang'anywa kwa muda hata kibali cha kuruka. Daktari naye? Desemba 2019 South African Airways yenyewe iliwekwa chini ya wasimamizi wa kuokoa biashara iliyoshindwa, ikiitazama hazina ya serikali yake ili ipate kupumua.

Majirani zetu wa Kenya waliibinafsisha Kenya Airways mwaka 1996, KLM ya Uholanzi ikachukua asilimia 26, na kwa miaka kadhaa tukaonyeshwa shirika hilo kama mwanafunzi bora wa darasa. Katika mwaka wa fedha 2015/16 mwanafunzi huyo alitangaza hasara ya shilingi za Kenya bilioni 26.2. Pan American, fahari ya ubepari wote wa angani, ilizimika Desemba 1991. Fastjet ilitua Dar es Salaam Novemba 2012 ikiuza tiketi kwa bei ya kushindana na mabasi. Mwishoni mwa 2018 ilikuwa imetoka angani. Siyataji haya ili kucheka msiba wa jirani. Nayataja kwa sababu tumefundishwa kuamini kwamba mtaji binafsi una chanjo ya hasara, na chanjo hiyo haijapata kuonekana.

Anayetaka kujua tofauti ya kweli iko wapi, na ausome mwaka 1946. Tarehe 1 Januari mwaka huo liliundwa shirika la East African Airways, likaanza na ndege sita za de Havilland Dragon Rapide, zenye mabawa ya ghorofa mbili na miili ya mbao na kitambaa. Miezi mitatu baadaye, tarehe 8 Aprili, Ethiopian Airlines ilifanya safari yake ya kwanza ya ratiba, kutoka Addis Ababa hadi Cairo, kwa ndege ya mabaki ya vita. Ni watoto wa mwaka mmoja. Wahabeshi waliingia mkataba na kampuni ya Kimarekani ya TWA iwaendeshee shirika, lakini walikaa naye mgeni kama mwanafunzi anavyokaa na mwalimu, huku wakijenga shule ya marubani na karakana yao, hadi mwaka 1971 Mwethiopia wa kwanza akalishika shirika lote. Mfalme akapinduliwa 1974. Wakaja wanajeshi wenye itikadi ya Karl Marx, wakataifisha ardhi, viwanda na nyumba. Lakini ndege waliziacha ziendeshwe na wanaozijua. Juni 1984 Boeing 767 yao ya kwanza iliruka kutoka Washington hadi Addis Ababa bila kutua, kilomita zipatazo 12,000. Mpinzani wangu atasema kwamba huo ulikuwa mwaka wa njaa kubwa. Ni kweli, na aibu ya njaa ile ni ya watawala wale. Lakini tawala zilizofuatana zilichukiana kwa kila jambo na zikakubaliana kwa jambo hili moja, na hilo halikuwa jambo dogo.

Sisi je? East African Airways nayo ilikuwa mali ya umma, tena ya nchi tatu, na kwa miaka mingi ilikuwa shirika la kuheshimika. Haikufa kwa sababu ilikuwa ya umma. Ilikufa kwa sababu fedha za tiketi zilizopaswa kufika makao makuu Nairobi zilichelewa au hazikufika, kila ndugu akimshuku mwenzake, na hesabu zikawa silaha ya ugomvi. Mwanzoni mwa 1977 ndege zilisimama. Kenya ikaanzisha shirika lake, mpaka ukafungwa Februari, na Machi 11 sisi tukaunda Shirika la Ndege Tanzania kwa vile vipande tulivyobaki navyo. Mpaka huo ulifunguliwa tena Novemba 1983, na makubaliano ya kugawana mali yakatiwa sahihi Arusha mwaka 1984. Katika miaka yote hiyo mwananchi wa kawaida, mwenye theluthi ya kila ukucha wa ndege zile, alielezwa nini? Alielezwa kwamba mambo yanashughulikiwa.

Turudi kwenye hasara yenyewe, maana wapinzani wa mashirika ya umma huitaja bila kuifungua. Biashara ya ndege haifanani na duka. Dukani sukari isiponunuliwa leo hubaki kwenye rafu hadi kesho. Kiti kilichoruka kitupu kutoka Mwanza asubuhi kimekwisha kuoza, hakiuziki tena milele. Ndege hulipa ikiwa angani. Ikisimama chini inaendelea kudai bima, na wafanyakazi wake wanaendelea kudai mshahara. Basi mwishoni mwa 2022 baadhi ya Airbus A220 zetu zilisimama kwa sababu injini zake, za Pratt & Whitney, zilihitaji kushushwa kwa matengenezo kabla ya wakati wake. Tatizo hilo halikutafuta uraia wa mtu: airBaltic ya Latvia na Swiss ya Uswisi nazo ziliegesha ndege za aina hiyo hiyo. Ndege isiyo na injini haijui kama mwenye nayo ni hazina ya taifa au tajiri wa hisa.

Swali la haki, basi, ni jingine. Mkataba wa injini ulisemaje? Injini za akiba zilikuwa ngapi, na nani aliona kwamba zinatosha? Nani alipanga ratiba ya safari kwa hesabu ya ndege zote kana kwamba hakuna hata moja itakayougua? Haya ndiyo maswali ya mtu anayetaka shirika liishi. Lakini ili kuyauliza ni lazima ujue, na ili kujua ni lazima uonyeshwe. Hapa ndipo ninapowaacha wenye neno la kwanza na kugeukia ofisi.

Kabla sijafika huko, neno moja juu ya anasa. Kutoka Dar es Salaam hadi Kigoma kwa Reli ya Kati ni kilomita zipatazo 1,250. Nchi hii ina eneo la kilomita za mraba zaidi ya 940,000. Mtu anayesema ndege ni anasa na aende akamwambie mgonjwa wa Mpanda, au mfanyabiashara wa minofu ya sangara aliyekuwa akipeleka samaki wa Mwanza kwenye viwanja vya majirani ili wapate ndege ya kuwachukua. Boeing 767-300 ya mizigo iliyowasili Juni 2023, yenye uwezo wa kubeba tani 54, haikununuliwa kwa ajili ya blanketi na glasi. Hayo yanatosha.

Tangu Mwongozo wa TANU wa 1971 Chama kilikwisha kusema kwamba kiongozi hatakiwi kuwa mtu wa majivuno wala wa kuwadharau watu. Dharau ina sura nyingi, na moja ya sura zake ni kumficha mtu habari za mali yake kwa kisingizio kwamba hataelewa. Mwaka 2007 ilikodiwa Airbus A320 kutoka kwa kampuni ya kigeni. Ilifanya kazi muda mfupi, ikapelekwa matengenezo, na mkataba ukabaki unahesabu madeni kama mita ya teksi iliyosahauliwa. Mwishoni mwa 2022 dai jingine lilitukuta Uholanzi, ambako A220 yetu iliyokwenda kutengenezwa ilizuiwa. Ndege nyingine ilikuwa imezuiwa Johannesburg Agosti 2019, na nyingine Canada Novemba mwaka huo huo, kwa madai mengine yenye umri mrefu. Je, mkataba ule wa 2007 ungesomwa hadharani siku ya kutiwa sahihi, ukajadiliwa na wahandisi wetu, wanasheria wetu na wapenzi wetu wa ndege wanaojua bei ya ndege kuukuu kuliko maofisa wengi, ungepita? Mimi nasema usingepita.

Ndugu msomaji, huenda wewe ni mtumishi wa serikali na hapa unatikisa kichwa ukiwalaumu wakubwa walioko juu yako. Vizuri. Basi tushuke ngazi kidogo. Idara inayosafirisha maofisa wake kwa waranti na kuiacha vocha ya malipo ilale mezani miezi sita inalikopa shirika bila riba na bila ruhusa. Ofisa anayepiga simu ili ndege ya abiria sabini imsubiri amalize kikao amechukua saa moja ya kila mmoja wao, na amevuruga ratiba ya vituo vitatu vinavyofuata, maana ndege iliyochelewa Dodoma itachelewa Mwanza na Bukoba. Mtu huyo jioni ataketi barazani na kusema kwamba mashirika ya umma hayajui kutunza muda. Huwezi kuwa mchwa na mkaguzi wa mbao kwa wakati mmoja.

Usiri una gharama nyingine, nayo huhesabiwa kwa roho za watu. Aprili 18, 1972, Super VC10 ya East African Airways iliyosajiliwa 5X-UVA ilishindwa kusimama mwishoni mwa njia ya kurukia Addis Ababa, na watu 43 wakapoteza maisha. Uchunguzi ulikuta kwamba sehemu moja ya mfumo wa breki ilikuwa imefungwa vibaya wakati wa matengenezo. Kipande kidogo kilichogeuzwa! Tunajua hivyo kwa sababu taarifa iliandikwa na kutolewa. Novemba 6, 2022, ATR 42 ya Precision Air ilianguka katika Ziwa Victoria ikijaribu kutua Bukoba. Walikufa watu 19 na kuokoka 24, na wa kwanza kuwafikia walikuwa wavuvi na mitumbwi yao. Wavuvi wale walikuwapo kwa sababu wanaishi pale na wanaitazama ndege kila siku ikiingia. Anayewadharau watu wa kando ya uzio na akumbuke nani alivuta kamba siku ile.

Na Desemba 2024 Jumuiya ya Ulaya iliiweka Air Tanzania katika orodha ya mashirika yasiyoruhusiwa kuruka katika anga zake, na Juni 2025 ikayaongeza mashirika yote yaliyosajiliwa Tanzania. Najua jibu la haraka: ni hila za wakubwa wa dunia. Labda hila zipo. Siku zote zipo. Lakini orodha ile ilihusu usimamizi wa usalama, na hila hazipati pa kushika mahali ambapo kila cheti kiko wazi na kila mkaguzi anatosha kwa kazi yake. Kelele za kujitetea hazijawahi kumfundisha mhandisi hata mmoja.

Katika kiwanja kimoja cha mkoani, ambacho sitakitaja, niliwahi kunyang'anywa daftari na mlinzi kwa kosa la kuandika namba za ndege. Namba hizo zimechorwa ubavuni mwa ndege kwa herufi kubwa ili zisomeke, na sheria za kimataifa za anga ndizo zinazotaka zichorwe. Mlinzi alikuwa kijana mwenye adabu, alifuata amri. Aliyetoa amri ndiye ninayemtafuta kwa makala haya. Nchini Uingereza kiwanja cha Manchester kimetenga bustani nzima ambayo watu hulipa kiingilio ili watazame ndege zikitua, na ndani yake imewekwa Concorde. Zürich kuna baraza la watazamaji. Nchi hizo hazipendi wapelelezi kuliko sisi. Zimegundua tu kwamba mtoto anayejua ndege za nchi yake ni nusu ya mhandisi, na nusu hiyo imepatikana bila gharama.

Wapo watakaotaja usalama, na watataja mwaka 1982. Tuutaje basi. Februari 26 mwaka huo Boeing 737 ya shirika letu ilitekwa nyara katika safari ya kutoka Mwanza, ikapelekwa Nairobi, Jeddah, Athens na mwisho Stansted, Uingereza. Watekaji hawakuruka kutoka kwenye jukwaa la watazamaji. Walipita mlangoni na tiketi zao kama abiria wengine. Dosari ilikuwa mlangoni, na mlango ndio wa kulindwa. Tangu lini mtoto wa darasa la sita aliyekaa mita mia tatu na penseli akawa tishio kuliko abiria asiyepekuliwa?

Sasa nataka kusema jambo linaloniuma kuliko hasara zote za fedha. Mwaka 1966 East African Airways ilipokea Super VC10 yake ya kwanza, na hadi 1970 zilifika tano. Ndege ile ilibuniwa hasa kwa ajili ya viwanja kama vyetu. Hewa ya mahali pa juu ni nyepesi, na ikipata joto inakuwa nyepesi zaidi. Bawa hukosa cha kuegemea na injini hukosa cha kuvuta. Nairobi iko mita 1,624 juu ya usawa wa bahari, na Addis Ababa zaidi ya mita 2,300. Wabunifu wakazitoa injini mabawani, wakazifunga zote nne mkiani, mbili kila upande, ili bawa libaki tupu na safi kwa kazi yake moja ya kuinua. Matokeo yake ni ndege ambayo hata asiyejua lolote husimama kuitazama: mkia mrefu kama shingo ya twiga, mabawa yasiyobeba kitu, na mngurumo uliotikisa vikombe kabatini. Dunia nzima zilitengenezwa 54 tu. Mbili zilikuwa na usajili wa Tanzania, 5H-MMT na 5H-MOG.

Na 5H-MOG haikuwa VC10 nyingine tu. Ndiyo iliyokuwa ya mwisho kabisa kutoka kiwandani, mwaka 1970. Shirika lilipovunjika 1977, zile nne zilizosalia zilirudi Uingereza kwa aliyeziunda. Jeshi la Anga la nchi hiyo likazinunua, likazigeuza kuwa ndege za kujazia nyingine mafuta angani, likazipa namba ZA147 hadi ZA150, na likazitumia hadi Septemba 2013. Fikirini: mali ambayo sisi tuliiona imekwisha 1977 ilifanya kazi miaka mingi zaidi mikononi mwa watu waliojua kuitunza! Tarehe 25 Septemba 2013 ZA147, yaani 5H-MMT yetu, ilitua Bruntingthorpe, na hiyo ikawa safari ya mwisho ya VC10 yoyote ulimwenguni. 5H-MOG ilikabidhiwa kwa Makumbusho ya Brooklands. Wazee wa Kiingereza huizunguka na vitambaa vya kufutia vumbi, na wanayajua majina yake yote, pamoja na lile la Kitanzania.

Katika Makumbusho ya Taifa Dar es Salaam nimeyaona magari waliyopanda magavana na viongozi. Ni jambo jema. Ndege ya abiria sikuona hata moja: si Friendship iliyokuwa ikizunguka mikoani, si Twin Otter iliyotua kwenye nyasi na changarawe, wala mkia wenye twiga wa zile 737 mbili, 5H-ATC na 5H-MRK, zilizokuwa fahari ya shirika changa katika miaka ya 80. Kizazi kilichozijenga njia zile kinazeeka. Fundi aliyejifunza injini ya Dart katika karakana ya Dar es Salaam atasimuliwa na nani akishaondoka?

Kwa hiyo nina madai, na nayatoa kwa wenye mamlaka bila kuzungusha. Jiwe la msingi la Kiwanja cha Msalato, Dodoma, liliwekwa mwaka 2022 katika mji mkuu wetu wenyewe. Kiwanja cha makao makuu ya nchi ya wakulima na wafanyakazi kisikose jukwaa la watazamaji, lenye kivuli na kiingilio cha bei ya nauli ya daladala. Hesabu za kila ndege iliyonunuliwa kwa kodi na kuwekwa chini ya Wakala wa Ndege za Serikali zichapishwe kila robo mwaka kwa Kiswahili: saa ilizoruka, siku ilizosimama, na sababu ya kusimama. Ndege ya kwanza itakayostaafu katika hizi tulizopokea tangu Septemba 2016 isiuzwe kuwa chuma chakavu. Na mwalimu mkuu akiandika barua kuomba wanafunzi arobaini wa kidato cha pili waione karakana, barua hiyo isihitaji sahihi zaidi ya moja, na sahihi hiyo iwe ya meneja wa kiwanja, tena itolewe kabla muhula haujakwisha.